Clara Bow hakuangushwa na sauti yake

Tarehe 1 Januari 2025, filamu zilizotolewa Marekani mwaka 1929 zilitimiza miaka 95 na kutoka kwenye hakimiliki. Mwaka mmoja baadaye zikafuata za 1930. Miongoni mwa hizo za 1929 imo The Wild Party, filamu ya kwanza ambamo Clara Bow, nyota wa Marekani wa miaka ya 1920, alisikika akizungumza. Sasa mtu yeyote anaweza kuikata na kuirusha bila kumwomba ruhusa mtu, na inakatwa kweli: vipande vya dakika moja au mbili vinapita simu hadi simu, vingi vikiwa na maelezo yale yale. Tazameni, huyu ndiye aliyekuwa nyota wa filamu bubu. Akafungua mdomo, lafudhi ya mtaani ya Brooklyn, New York, ikamtoka, kazi ikaishia hapo. Maelezo hayo si sahihi, tena yamekosea mahali panapopimika. Kilichomwondoa Clara Bow kwenye sinema ni ratiba na mikataba iliyoanza kumla miaka 6 kabla hajasikika, kisha kashfa na maradhi ya 1931. Na ule ugumu wa mwili unaoonekana kwenye kipande kile kwa sehemu kubwa ni alama ya maikrofoni ya 1929, si ya mwigizaji aliyeishiwa.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 29 Julai 1905, kwenye ufukara wa kweli. Mama yake alikuwa na kifafa pamoja na maradhi ya akili, na usiku mmoja mwaka 1922 binti aliamka akakuta mama amemwekea kisu shingoni. Mama alifariki Januari 1923. Mwaka 1921 Clara alikuwa ameshinda shindano la magazeti ya sinema lililotafuta sura mpya. Alipeleka picha mbili za bei rahisi alizopigwa Coney Island kwa dola moja aliyopewa na baba yake. Zawadi ilikuwa nafasi katika filamu iitwayo Beyond the Rainbow, na ilipotoka sehemu zake zilikuwa zimekatwa zote. (Zilirudishwa alipokwisha kupata jina. Biashara ni biashara.) Aliyemtoa gizani ni Elmer Clifton, mwongozaji aliyepiga hadithi ya wavua nyangumi huko New Bedford, Massachusetts, mwaka 1922 na kumpa nafasi ndogo ambayo watazamaji hawakuisahau.

Mwaka 1923 kampuni ya Preferred Pictures ya B. P. Schulberg ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, dola 50 kwa wiki pamoja na nauli ya kwenda Hollywood. Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kusimama kidogo, kwa sababu hesabu zote za baadaye zinaanzia hapa. Mwigizaji wa mkataba wa wakati ule hakuwa akiuza kazi moja moja. Aliuza muda wake wote, na mwenye mkataba aliweza kumkodisha kwa studio nyingine kama lori. Schulberg alimkodisha Clara kwa dola 1,500 hadi 2,000 kwa wiki huku Clara mwenyewe akilipwa kati ya 200 na 750. Mwenye lori hana sababu ya kuliacha limeegeshwa. Mwaka 1924 Clara alionekana katika filamu 8. Mwaka 1925 zilikuwa 14, sita za mwajiri wake na nane za kukodishwa. Gawanya siku 365 kwa 14, utapata filamu mpya kila baada ya siku 26, mwaka mzima, na binti ana umri wa miaka 19 kwenda 20. Punda afe, mzigo ufike. Kampuni ilifilisika Oktoba 1925, Schulberg akahamia studio ya Paramount, na mzigo wenye thamani kuliko yote aliohama nao ulikuwa mkataba wa Clara.

Paramount walimpa mkataba wa miaka mitano mwezi Agosti 1926, ukianza na dola 1,700 kwa wiki na kupanda hadi 4,000 mwaka wa mwisho. Wakati huo huo Clara alitangaza kwamba mkataba ukiisha mwaka 1931 ataachana na sinema. Tarehe hiyo tuishike mkononi, tutaihitaji. Mwaka 1927 alitoa filamu sita, zikiwemo It, iliyompa jina la utani la It Girl alilokwenda nalo kaburini, na Wings, hadithi ya marubani wa vita iliyopata tuzo ya kwanza kabisa ya filamu bora ya Akademia (Oscar). Wenye majumba ya sinema, watu wanaohesabu tiketi na wasio na muda wa mapenzi, walimweka nafasi ya pili kwa kuvuta watu mwaka 1927, ya kwanza 1928, ya kwanza tena 1929, na ya pili 1930. Januari 1929 pekee alipokea barua zaidi ya 45,000.

Kabla ya kusikiliza sauti yake, inabidi tuelewe alikuwa akifanya nini alipokuwa hasikiki. Kiswahili kinaziita filamu bubu, na neno hilo limekaa vizuri kuliko wengi wanavyodhani: bubu hasemi kwa ulimi, lakini anasema kwa uso, mabega na vidole, na anayemjua anamwelewa. Ukitaka kuona ufundi huo, chukua Mantrap ya 1926, iliyoongozwa na Victor Fleming na kupigwa na James Wong Howe, na usimtazame Clara pale anapotenda jambo. Mtazame pale mwingine anapotenda. Jicho lake halitulii. Linapima mwanaume wa kushoto, linateremka kwenye mkono wake, linarudi kwa mume, na mawazo mawili yanapita usoni kabla mwenzake hajamaliza wazo moja. Kazi hiyo ilitaka uhuru wa kusogea. Katika filamu bubu mwongozaji alizungumza na mwigizaji kamera ikiwa inazunguka, wanamuziki waliweza kukaa pembeni wakimpigia wimbo wa kumtia hisia, na mpiga picha alimfuata alikokwenda. Hakuna aliyemchorea mstari sakafuni.

Mwaka 1929 mstari ulichorwa. Maikrofoni za wakati huo zilinasa sauti kutoka pande zote bila kuchagua, kwa hiyo mlio wa gauni, hatua ya kiatu na mngurumo wa kamera viliingia pamoja na maneno. Dawa ya kwanza ilikuwa kuifungia kamera yenyewe, pamoja na mpiga picha, ndani ya kibanda kisichopitisha sauti chenye dirisha la kioo. Joto la humo halisemeki, na kibanda hakigeuki kumfuata mtu. Taa za kaboni zilizokuwa zikivuma ziliondolewa, zikaja za balbu kubwa. Maikrofoni ilining'inizwa juu au ilifichwa kwenye chombo cha maua, na mwigizaji alipaswa kufika karibu nayo, asimame, aseme, amalize, ndipo aondoke. Akisema huku anatembea, neno la kwanza linasikika na la tatu linapotea. Mwongozaji naye amefunga mdomo. Mtu aliyezoea kuongozwa kwa sauti na muziki sasa amewekwa kwenye ukimya kamili, na juu ya kichwa chake kimening'inia kitu kinachomsikiliza. Si ajabu kwamba sehemu kadhaa za The Wild Party zilirudiwa kwa sababu macho ya Clara yalikuwa yakipanda kuitafuta maikrofoni. Dorothy Arzner, mwanamke aliyeiongoza filamu hiyo, aliona tatizo liko wapi: anatajwa kuwa aliifunga maikrofoni kwenye ufito wa kuvulia samaki ili mtu aibebe juu ya Clara popote anapokwenda. Mafundi wa leo wanaofanya hivyo kwa mlingoti mrefu wanafuata wazo lile lile.

Lipo na kosa la pili, na hili linafanywa na sisi watazamaji. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, yaani picha tuli 16, na rili moja, gurudumu la mkanda, ni futi 1,000, yaani fremu 16,000. Kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde rili hiyo inacheza dakika 16 na sekunde 40. Kwa fremu 24, dakika 11 tu. Filamu bubu hazikuwa na mwendo mmoja. Mpiga picha alizungusha kwa kasi aliyoona inafaa, na mwenye projekta aliongeza au kupunguza. Sauti ndiyo iliyolazimisha mwendo usiobadilika wa fremu 24, kwa sababu sikio halivumilii sauti inayopanda na kushuka. Sasa mtu anachukua kipande cha Clara wa 1926 kilichopigwa, tuseme, kwa fremu 20, anakicheza kwa 24, na Clara anakwenda kasi zaidi kwa asilimia 20 kuliko alivyokwenda. Anakiweka kando ya kipande cha 1929, ambacho kwa sababu ya sauti hakiwezi kuchezwa ila kwa mwendo wake halisi. Halafu anauliza kwa nini huyu mwanamke amepoa ghafla. Amepoa kwa sababu yule wa kwanza ameharakishwa! Anayetaka kulinganisha kwa haki aanze kwa kurekebisha mwendo: atazame mtu anayetembea barabarani au maji yanayomiminwa, apunguze mpaka vionekane vya kawaida, ndipo amtazame Clara.

Wanaosema sauti ilimmaliza wana hoja zaidi ya moja, na si zote za kutupwa. Hoja yenye uzito ni kwamba yeye mwenyewe alizichukia filamu za sauti, akaeleza kwamba zinamkaza na kumnyima uhuru wa kusogea. Hilo ni kweli, na siwezi kulifuta. Lakini kazi anayoichukia mtu na kazi asiyoiweza ni vitu viwili, na mpagazi akiongezewa mzigo mgongoni hatusemi ni mzigo wa mwisho pekee uliomvunja. Hoja nyingine ni ya zama: msichana wa nywele fupi, wa kucheza dansi na kunywa, alikuwa sura ya miaka ya 1920, na baada ya soko la hisa kuanguka Oktoba 1929 watu wasio na ajira hawakuwa na hamu sana ya kumtazama binti akimwaga shampeni. Hii naiona nzito kuliko ya sauti, na inaeleza kwa nini baadhi ya waigizaji wa aina yake walififia pamoja naye. Tena ni kweli kwamba sauti iliwaondoa watu. Emil Jannings, aliyepata tuzo ya kwanza ya Akademia ya mwigizaji wa kiume, alirudi Ujerumani mwaka 1929 kwa sababu Kiingereza chake kisingebeba nafasi alizozoea.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo hiyo inayozunguka kwenye simu: lafudhi. Jannings alikuwa mgeni wa lugha. Clara alikuwa Mmarekani akizungumza kama Wamarekani wa tabaka lake. Na tuangalie nafasi alizopewa. Kwenye The Wild Party ni mwanafunzi wa chuo cha wasichana, na hapo mtu anaweza kubishana kama lafudhi ya Brooklyn inakaa. Lakini baada ya hapo, mwaka huo huo, ni msanii wa sarakasi, kisha muuza duka. Mwaka 1930 anahudumia mabaharia vinywaji, halafu ni mhudumu wa mgahawa wa njia ya reli, na humo anaimba. Paramount wangekuwa na aibu na sauti ile wasingeipa nyimbo. Hizo ndizo nafasi ambazo lafudhi ya mtaani ilikuwa mtaji, si doa. Kisha turudi kwa wahesabu tiketi. Mwaka 1929, mwaka aliotoa filamu tatu za kuzungumza, yeye ni wa kwanza nchini. Mwaka 1930, ambapo kila alichotoa ni cha kuzungumza, ni wa pili. Umma uliokimbizwa na sauti ya mtu haulipi kuisikiliza miaka miwili mfululizo. Kwa jumla alifanya filamu 57, 46 za kimya na 11 za sauti. Mtu aliyeangushwa siku alipofungua mdomo alipataje kumi nyingine?

Kilichotokea kinasomeka kwenye kalenda ya 1931. Mwezi Januari katibu wake wa zamani alipandishwa kizimbani Los Angeles kwa makosa 35 ya kumwibia. Katika utetezi, barua, simu, hundi na mambo ya chumbani ya Clara vikasomwa mbele ya waandishi wa habari. Baraza la mahakama lilimtia katibu hatiani kwa kosa moja tu kati ya yale 35, lakini Clara, aliyekuwa mlalamikaji, ndiye aliyetoka amevuliwa nguo. Gazeti moja la udaku likaongeza uchafu ambao mchapishaji wake alifungwa kwa kuutuma kwa njia ya posta. Paramount walikuwa wamempangia filamu mpya, City Streets. Nafasi hiyo ikaenda kwa Sylvia Sidney, Clara akaingia kituo cha mapumziko ya wagonjwa, na akaomba afunguliwe kwenye mkataba, wakamfungua. Mkataba huo huo wa miaka mitano, na mwaka ule ule wa 1931 alioutaja yeye mwenyewe alipousaini. Alikuwa na umri wa miaka 25, na miaka 8 ya kazi isiyosimama.

Desemba 1931 aliolewa na mwigizaji Rex Bell huko Las Vegas, wakahamia ranchi kwenye jangwa la Nevada. Mtu angetegemea hapo ndipo hadithi ya sauti iliyoshindwa ifungwe, lakini kampuni ya Fox ilimfuata, ikamlipa kwa filamu mbili za kuzungumza, Call Her Savage ya 1932 na Hoop-La ya 1933. Katika ile ya kwanza anapiga kelele, ananong'ona, analia na kupigana, na maikrofoni inamfuata. Vifaa vilikuwa vimekua. Anayetaka kuhukumu sauti ya Clara Bow aihukumu hapo, kwa sababu hapo ndipo kwa mara ya kwanza mashine haimzuii. Alimaliza ya pili akaondoka akiwa na miaka 28, akazaa wana wawili, na miaka iliyofuata maradhi ya akili yaliyokuwa yamemwandama tangu nyumbani kwa mama yake yakaongezeka. Mwaka 1949 madaktari waliyataja kuwa skizofrenia. Alifariki Los Angeles tarehe 27 Septemba 1965.

Basi kwa nini hadithi ya lafudhi haifi? Ni fupi, inaingia kwenye dakika moja, na inamfanya mtazamaji ajione mwerevu bila kusoma mkataba wa mtu. Ipo sababu nyingine ambayo furaha ya hakimiliki kuisha inaificha. Filamu zake za 1928, mwaka alioshika nafasi ya kwanza, zilikuwa nne: Red Hair, Ladies of the Mob, The Fleet's In na Three Weekends. Zote nne ni mali ya umma Marekani tangu 1 Januari 2024. Hakuna hata moja iliyobaki nzima. Sheria imefungua mlango wa ghala tupu, na sisi tunamhukumu kwa vilivyobaki pande zote za shimo hilo, kama mtu anayesoma barua iliyong'olewa ukurasa wa katikati.

Sababu ya shimo hilo ni kemia pamoja na uzembe. Mikanda ya wakati ule ilitengenezwa kwa selulosi nitrati. Inaoza hata ikiwa imefungwa kwenye kopo lake: kwanza picha inafifia na kugeuka kahawia, kisha uso unanata, halafu yanatokea mapovu, mizunguko inashikana kuwa gogo moja, na mwisho ni unga wa kahawia wenye harufu kali. Mkanda uliofika kwenye kunata bado unaweza kunusurika ukipata fundi haraka. Uliofika kwenye gogo hauna dawa. Joto na unyevu huharakisha kila hatua, na ukishika moto maji hayauzimi kirahisi, kwa kuwa nitrati inajipa oksijeni yake yenyewe. Studio nazo zilikuwa zikitupa au kuyeyusha nakala ili kupata madini ya fedha yaliyomo kwenye picha. Maktaba ya Bunge ya Marekani ilitoa hesabu mwaka 2013: kati ya filamu bubu ndefu za Marekani karibu 11,000, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la awali. Hata It, filamu iliyomtaja duniani, ilihesabiwa imepotea mpaka nakala yake ilipoibuka Prague miaka ya 1960.

Kwa hiyo hakimiliki kuisha si sawa na filamu kuokoka. Sheria inampa kila mtu ruhusa ya kunakili; haimpi cha kunakili, wala haimlipi fundi wa kusafisha rili iliyonata. Kinachookoa ni kopo kufika mikononi mwa anayejua. The Pill Pounder, kichekesho kifupi cha 1923 ambacho Clara alicheza akiwa na miaka 17, kilipatikana kwenye mnada huko Omaha, Nebraska, na mwezi Aprili 2024 kikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu bubu la San Francisco. Na Red Hair haikuondoka yote. Vimebaki vipande vifupi, vingine vya rangi mbili za Technicolor. Filamu zake za mwanzo zilipigwa kwa mkanda usioona wekundu, ndiyo maana humo nywele zake zinaonekana karibu nyeusi. Kwenye vipande hivyo vya Red Hair, kwa sekunde chache, ni nyekundu.